Picha Iliyowaliza Watu: Usimulizi wa Filamu za Kihindi katika Lugha ya Kiswahili



1. Utangulizi

Mtu akiulizwa ni filamu gani iliyomgusa kuliko zote, ni nadra kujibu kwa jina tupu. Hutaja jina, kisha huanza kusimulia. Taaluma ya fasihi ya Kiswahili imezichunguza kwa kina tenzi, ngano, riwaya na tamthiliya. Masimulizi ya filamu, ambayo kwa zaidi ya nusu karne yamesikika barazani, kazini na jikoni, bado hayajapewa nafasi inayostahili. Mhadhara huu unadai kwamba masimulizi hayo ni fasihi simulizi kamili, na kwamba ndani yake mna hoja nzito juu ya mapenzi, nasaba na haki. Mifano miwili itatumika: Awaara ya mwaka 1951, iliyozoeleka Zanzibar kwa jina la Awara, na Mother India ya mwaka 1957.

2. Masikio yaliyokuwa tayari

Mjini Zanzibar jumba la sinema la Royal lilijengwa mwaka 1921. Lilipoungua katika miaka ya 1950, mahali pake palijengwa Majestic. Ni katika muongo huo ndipo Awara, iliyoongozwa na Raj Kapoor, naye akiwa mchezaji wake mkuu pamoja na Nargis, ilipoingia mioyoni mwa watu. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji watazamaji wa zama hizo, anaonyesha kuwa filamu hiyo ilipendwa mno, na kwamba vijana waliitumia kujadiliana juu ya ndoa ya mapenzi na ndoa ya kuchaguliwa na wazee.

Jambo la kuzingatiwa ni kuwa wengi wa watazamaji hao hawakujua Kihindi. Hata hivyo, hawakuwa wageni kabisa. Kihindi cha sinema kimechanganyika sana na Kiurdu, na Kiurdu, kama Kiswahili, kimechota kutoka Kiarabu. Sikio la Mzanzibari lilipokea duniya likasikia dunia, qissa likasikia kisa, safar likasikia safari. Na katika mohabbat likautambua mzizi wa mahaba. Filamu ya mwaka 1965 iitwayo Waqt haikuhitaji mkalimani wa jina lake, kwani hilo ni wakati. Maneno hayo machache hayakutosha kueleza hadithi nzima, lakini yalitosha kumpa mtazamaji ujasiri wa kuikamilisha mwenyewe. Pengo lililobaki lilizibwa na msimulizi.

3. Mtoto wa nyoka

Kisa cha Awara ni cha jaji anayeamini kuwa mwana wa mwizi hawezi kuwa ila mwizi. Kwa imani hiyo alimhukumu Jagga, naye Jagga akageuka jambazi wa kweli na kumteka mke wa jaji ili alipize kisasi. Mke anaporudi akiwa na mimba, jaji anamtilia shaka na kumfukuza. Mtoto wake, Raj, anakulia katika umaskini wa Bombay na kulelewa katika wizi na Jagga yule yule. Mwishowe anasimama kizimbani kwa kosa la kutaka kumuua jaji, na anayemtetea ni Rita, mwanasheria ampendaye, aliyelelewa na huyo huyo jaji.

Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa mgogoro huu, kwa sababu lugha yake imekwisha kuubeba katika methali mbili zinazopingana. Jaji anasema: mtoto wa nyoka ni nyoka. Filamu inamjibu: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali zote mbili hutumika, na kila moja huaminiwa mahali pake. Awara inazileta mahakamani zikabiliane, na ushahidi unaotolewa ni wa ajabu: yule anayedhaniwa kuwa nyoka ni mtoto wa jaji mwenyewe. Kwa jamii iliyozoea kupima watu kwa nasaba zao, miaka michache kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964, hoja hiyo haikuwa ya Bombay peke yake.

Hapa pia istilahi ya mitaani inapata kazi. Watazamaji wa Kiswahili huwagawa wahusika kuwa staringi na adui. Katika filamu nyingi mgawanyo huo ni mwepesi. Katika Awara msimulizi hodari hulazimika kukiri kwamba Jagga ni adui, lakini adui mkubwa zaidi ni imani iliyomo kichwani mwa baba. Huo ni uhakiki wa fasihi, japo aliyeutoa hakuingia darasa la fasihi.

4. Kulizwa na kulilia

Huzuni ya watazamaji nayo ina sarufi yake. Kitenzi kulia, katika kauli ya kutendesha, hutoa kuliza: picha ilimliza. Picha ndiyo mtenda, mtazamaji ni mtendwa. Katika kauli ya kutendea hupatikana kulilia: alimlilia Radha. Sasa mtenda ni mtazamaji, na machozi yana mwenyewe. Katika Kiswahili anayeliliwa ni marehemu, mpenzi au jamaa aliyepotea. Mtu amliliaye mhusika wa filamu amemwingiza katika ukoo wake.

Radha ndiye mama wa Mother India, na Nargis ndiye aliyemcheza. Mumewe anapoteza mikono yote miwili, kisha anaondoka asirudi. Mkopeshaji Sukhilala anainyonya familia. Mafuriko yanaangamiza mazao. Mwanawe Birju anakua na kinyongo, anakuwa jambazi, anamuua mkopeshaji na kumteka binti yake. Radha anamtaka amwachie binti huyo. Birju anapokataa, mama anampiga risasi mwanawe, naye anakufa mikononi mwake.

Msimulizi akifika hapo hukabiliwa na methali nyingine: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa kawaida methali hii humtetea mtoto. Radha anaipindua: uchungu anaujua yeye, na bado anaichagua heshima ya binti wa adui wake. Ndiyo maana kisa hiki hakimaliziki kwa machozi. Je, alifanya haki? Atakayejibu ndiyo atamlilia Radha. Atakayejibu la atamlilia Birju. Kitenzi ni kimoja, mtendewa ndiye anayebadilika, na mabadiliko hayo ni hukumu.

5. Fani ya msimulizi

Masimulizi haya yana fani inayoweza kuchunguzwa. Mfano ufuatao umetungwa kuonyesha muundo wake: "Jaji akamfukuza mkewe, yule mama akajifungulia njiani, mtoto akakua, akaingia wizini. Sasa yuko mahakamani. Jaji anamtazama. Hajui kuwa huyu ni mwanawe." Sehemu ya kwanza inakwenda kwa -ka-, kiambishi cha ngano. Kwenye kilele msimulizi anakiacha na kushika wakati uliopo, na msikilizaji anatolewa katika hadithi na kuketishwa mbele ya pazia la sinema.

Ufundi huu baadaye ukawa ajira. Wasimulizi wa kanda za video, kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, walijipatia umaarufu kwa kuzisemea filamu za kigeni kwa Kiswahili. Hawakujifunga na tafsiri ya neno kwa neno; walieleza, walitania na kuhukumu. Waliurithi uwanja ambao watazamaji wasio na majina walikuwa wameulima zamani.

6. Hitimisho

Aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1955 amekwisha kuvuka miaka 80. Filamu zenyewe zimehifadhiwa na zinaweza kutazamwa leo. Awara ya Kiswahili, ile iliyosimuliwa ukumbini baada ya kutoka Majestic, imo vifuani mwa wazee tu. Kila anayefariki huondoka na toleo lake. Kazi ya kuyarekodi masimulizi hayo haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji mwanafunzi mwenye kinasa sauti, bibi au babu mwenye nafasi, na swali moja: ni picha gani iliyokuliza? Baada ya swali hilo, mwanafunzi anyamaze na kusikiliza ni nani anayeliliwa.