Ajira Eldoret: Nani Anahesabiwa?
Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, lakini kilio cha kazi ni cha zamani. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilisambaratika hadi Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka 2007. Vijana wengi leo wako jua kali na kwenye bodaboda.

Tahadhari na takwimu: aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja kwa wiki huhesabiwa ameajiriwa. Aliyekata tamaa ya kutafuta hawekwi kati ya wasio na kazi, ingawa nyumbani kwake njaa ni ileile.

Kwenye vikao vya umma vya bajeti, basi, vijana waeleze saa wanazofanya na wanacholipwa.