Mita Hairudi Nyuma: Kukokotoa Matumizi ya Mitambo kwa Mwezi kutoka Jumla Limbikizi



Mita ya saa iliyofungwa kwenye greda, jenereta au pampu ya umwagiliaji haijui mwezi. Inahesabu saa ambazo injini imewaka tangu siku ilipofungwa, na kazi yake ni kupanda tu. Mkuu wa karakana yeye anauliza habari za Machi. Skripti inakaa katikati ya hao wawili: inapokea namba inayojilimbikiza, inatakiwa kutoa namba ya mwezi. Kwa kuitazama juu juu, ni hesabu ya kutoa ya shule ya msingi. Hoja ninayoitetea katika mada hii ni moja: tofauti ikitoka hasi, skripti isiifiche. Skripti nyingi huificha, tena kwa mstari mmoja wa msimbo ambao aliyeuandika anadhani amefanya usafi.

Tuchukue greda ya kubuni. Januari 31 mita yake inasoma 4,812.4, na Februari 28 inasoma 4,957.9. Februari imefanya saa 145.5, hapo hatuna ugomvi. Machi 14 mita inakufa, fundi anafunga mpya inayoanzia sifuri, na Machi 31 inasoma 71.6. Skripti inachukua 71.6, inaondoa 4,957.9, inapata hasi 4,886.3.

Hapa ndipo ule mstari wa usafi unapoingia: kila kilicho chini ya sifuri kigeuzwe sifuri. Ripoti inapendeza, na greda iliyochonga barabara mwezi mzima inaonekana ililala. Njia ya pili ni ile ya mifumo inayofuatilia kompyuta, kama Prometheus: kaunta ikishuka, mfumo unachukulia kwamba imeanza upya kutoka sifuri, kwa hiyo unahesabu 71.6. Kwa seva inayosomwa kila baada ya sekunde chache, kinachopotea ni kidogo mno. Kwa greda inayosomwa mara moja kwa mwezi, zinapotea saa zote za kuanzia Machi 1 hadi siku mita ilipokufa. Fundi angekuwa ameandika namba ya mwisho ya mita ya zamani, tuseme 5,021.3, tungepata 63.4 za mita ya zamani na 71.6 za mita mpya, jumla saa 135. Hakuna ujanja wa msimbo utakaozirudisha zile 63.4 kama hazikuandikwa popote.

Kwa hiyo kabla ya kuandika skripti, tengenezeni jedwali la mabadiliko ya mita: mtambo, tarehe, namba ya mwisho ya mita iliyotolewa, namba ya kwanza ya mita iliyofungwa. Safu hiyo ya mwisho msiidharau. Karakana zetu zinang'oa mita kwenye mtambo mbovu na kuifunga kwenye mzima, na mita ya namna hiyo haianzii sifuri.

Hasi nyingine haitoki kwenye mita, inatoka kwenye kidole. Turudi kwenye greda ileile, safari hii mita yake ikiwa nzima. Karani anaingiza 9,457.9 badala ya 4,957.9. Februari inapata saa 4,645.5, wakati Februari yenye siku 28 ina saa 672 tu, usiku na mchana. Machi 31 inasomwa sawasawa, 5,092.9, na tofauti inatoka hasi 4,365.0. Sasa jumlisheni miezi hiyo miwili: 280.5. Ndiyo hasa jumla ya kweli, 145.5 na 135. Kosa la Februari na kosa la Machi yamefutana, kwa sababu katika jumla limbikizi miezi yote ikijumlishwa lazima irudi kuwa usomaji wa mwisho kutoa usomaji wa kwanza. Huo ni ukaguzi wa bure, na kila skripti ingepaswa kuufanya kabla ya kutoa ripoti, ikizingatia lile jedwali la mita. Ukigeuza hasi kuwa sifuri, umeuvunja ukaguzi huo kwa mkono wako: zile saa 4,645.5 zinabaki ndani ya jumla ya mwaka, na kilichokuwa kinazisawazisha umekifuta.

Kwa hiyo hasi iachwe wazi, safu ya pembeni iandike kwamba inasubiri maelezo, na mtu apigiwe simu. Vivyo hivyo kwa tofauti inayozidi saa zilizopita kati ya usomaji mmoja na mwingine. Zipo pia mita za zamani zinazofika 9,999.9 kisha zinarudi sifuri. Hizo huongezewa 10,000, lakini iwapo tu usomaji uliotangulia ulikuwa karibu na kikomo.

Kwenye msimbo wenyewe sitakaa sana. Katika SQL, LAG huleta usomaji uliotangulia, na ukisahau PARTITION BY kwa namba ya mtambo, usomaji wa mwisho wa jenereta utatolewa kwenye wa kwanza wa pampu. Usomaji wa kwanza wa kila mtambo hauna tofauti. Uachwe tupu, usiwekwe sifuri.

Tarehe zinaumiza zaidi. Sisi tunaanza na siku, na programu iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani inaanza na mwezi, hivyo 03/04/2025 inahama kutoka Aprili kwenda Machi bila kelele yoyote. Hifadhini kwa mtindo wa 2025-04-03. Mitambo yenye vifaa vya kutuma data kwa satelaiti mara nyingi hutumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3: usomaji wa saa saba na nusu usiku wa kuingia Machi 1 unaandikwa 22:30 ya Februari 28. Na opereta anayejaza daftari akiandika 2:00, anamaanisha asubuhi, kompyuta itakayoipokea inajua ni usiku wa manane.

Mara nyingi hakuna usomaji wa siku ya mwisho wa mwezi. Jenereta imesomwa jioni ya Aprili 24 ikiwa 2,310, na jioni ya Mei 4 ikiwa 2,410. Saa 100 kwa siku 10, na siku 6 kati ya hizo ni za Aprili, kwa hiyo tunakadiria 2,370 kwa Aprili 30. Mimi nakubali makadirio hayo kwa pengo la siku chache, mradi yawekewe alama. Kwa pengo la miezi mitatu siyakubali. Mtambo uliokaa gereji Mei nzima na kufanya kazi Juni utaonekana umefanya nusu kwa nusu, na fundi aliyeuchelewesha atakuwa amesamehewa na kompyuta. Toeni jumla ya kipindi chote, miezi muiache tupu.

Asilimia nayo ina mtego wake. Saa 150 za Februari ni asilimia 22.3 ya saa 672, ila Machi, yenye saa 744, ni asilimia 20.2. Ukigawa kwa saa za zamu, tuseme siku 26 za saa 8, yaani 208, inakuwa asilimia 72.1. Kigawanyo kiandikwe kwenye kichwa cha safu. Kadhalika, msichukue wastani wa asilimia za mitambo. Greda iliyofanya saa 180 kati ya 200 na pampu iliyoingia mwisho wa mwezi ikafanya 2 kati ya 20 hazikupata asilimia 50. Zimefanya 182 kati ya 220, ambayo ni 82.7.

Tena saa za mita ni saa za injini, si lazima ziwe za kazi. Katapila lililoachwa kwenye sailensa wakati opereta anakula linahesabiwa vilevile. Kiwango cha kimataifa ISO 15143-3, kinachohusu ubadilishanaji wa data za mitambo ya ujenzi, kinaweka jumla limbikizi ya saa za kuwaka na ya saa za sailensa kuwa namba mbili tofauti. Mtambo wenu ukizitoa zote mbili, hifadhini zote mbili, na kila moja ifanyiwe hesabu yake ya kutoa kabla ya kulinganishwa.

Imebaki mitambo inayohamishwa kituo katikati ya mwezi. Itendeeni kama mita iliyobadilishwa: usomaji wa siku ya makabidhiano uandikwe kwenye hati, anayetoa na anayepokea wasaini namba ileile, na skripti ikatie hapo.