Mwezi Ukitoweka, Muuza Ndagala Atafanyaje?

(Mazungumzo na akina mama na vijana, Mutakura, Bujumbura)

Wewe uliyekuwa nasi pale Mutakura, na wewe unayesoma ukiwa Uvira, Kigoma au popote ushirika wetu ulipofika, nakusalimu. Nimeombwa niandike niliyosema siku ile. Nayaandika vilevile, hata yale yanayoniaibisha.

Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025. Mwezi mpevu ulichomoza upande wa milimani, kisha ukaanza kuliwa. Kwa saa zetu za Bujumbura na Uvira, kuanzia saa moja na nusu usiku mpaka saa tatu kasoro dakika nane, ulikuwa umepatwa wote. Kigoma saa yao iko moja mbele. Usiku ule nikapokea ujumbe wa sauti kwenye simu: mwezi unaondolewa, haurudi tena. Sikuuliza umetoka kwa nani. Nikaurusha kwenye kundi letu.

Mama mmoja wetu, muuza ndagala, akausikiliza. Kesho yake akachukua mtaji wake wote, akampa mtu aliyemwahidi kuiombea nyumba yake isipatwe na giza. Siku zikapita, wavuvi wakarudi ziwani, ndagala zikaja, naye hana hata franga ya kununulia. Hakunilaumu, wapendwa. Aliniuliza tu: "Mwalimu, na kama ungetoweka kweli, ingekuwaje?"

Basi, mama, sikiliza.

Kwanza, usiku ule hakuna kilichoondolewa. Dunia ilipita katikati ya jua na mwezi, kivuli chetu kikaufunika. Ile rangi nyekundu ni mwanga wa jua uliopenya kwenye hewa ya dunia ukaufikia mwezi. Wataalamu walijua saa na dakika yake miaka mingi kabla.

Sasa tuseme umeondoka kweli. Wavuvi wetu wanavua usiku kwa taa. Ndagala wanaufuata mwanga, wanakusanyika, nyavu inapandishwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu mwanga uko kila mahali, taa inashindwa, samaki wanatawanyika. Ndiyo maana siku zile mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, na wewe sokoni unauza zilizokauka. Kumbe mwezi ukitoweka kila usiku ni giza, kila usiku ni kuvua! Najua hapo mmoja wenu alisema "Amina" kwa sauti.

Ngoja kwanza. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Ziwa linavuliwa kuliko linavyoweza kujaza. Yaani mwezi umekuwa ukitupumzisha siku chache kila mara, bila askari wala faini. Tungevua usiku kwa usiku, ndagala ya mwanao tungeila leo.

Wengine waliniuliza kuhusu maji yaliyowafukuza watu Gatumba. Hayo si ya mwezi, ni ya mvua na mto Rusizi. Mwezi unalivuta ziwa letu kidogo mno, jicho halioni. Lakini ulizeni ndugu zetu wa Zanzibar. Kule bahari inapwa na kujaa, na wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka kwa karibu mita nne. Akina mama wa Paje na Jambiani huenda kwenye mashamba yao ya mwani maji yakipwa sana. Bila mwezi, jua peke yake lingeivuta bahari, na lile bamvua lingebaki kama theluthi moja tu. Mashamba mengine yasingefikika kwa miguu.

Kubwa zaidi ni hili. Dunia imeinama nyuzi 23.4, na kwa kuinama huko tunapata majira: mvua, kisha kiangazi cha Juni. Mwezi unasaidia kuishikilia isiyumbe sana. Mwaka 1993 Mfaransa Jacques Laskar na wenzake walipiga hesabu wakaona kwamba bila mwezi, mwinamo huo ungeweza kubadilika kutoka sifuri mpaka karibu nyuzi 85. Si wiki ijayo, ni kwa mamilioni ya miaka. Hesabu za baadaye zilisema huenda yumbo lingekuwa dogo kuliko hilo. Hata hivyo, mkulima anayengoja mvua ya Oktoba anaelewa maana ya majira kushikiliwa.

Je, unaondoka? Unasogea, ndiyo. Wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 waliacha kule vioo vya kurudisha mwanga, na vipimo vinaonyesha mwezi unakwenda mbali sentimita 3.8 kila mwaka. Uko kilomita 384,400 hivi. Mtoto aliyezaliwa leo Mutakura akifika miaka 25, utakuwa umesogea hata mita moja haijatimia. Huo si mwendo wa kumtolea mtu mtaji wako.

Mwanzo sura ya kwanza inatuambia mianga iliwekwa iwe ya majira, siku na miaka. Haituambii tuiogope.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, ukipata ujumbe wa kutisha, usiurushe. Uliza umetoka kwa nani, na nani atakula hasara ukiwa wa uongo. Mimi sikuuliza, akala mwingine. Nimeanza kumrudishia yule mama mtaji wake, kidogo kidogo. Anayetaka kunisaidia asinitumie mimi. Aende sokoni, anunue ndagala kwake, na asiombe kupunguziwa bei.

Mbarikiwe.