Mlima na Kiti: Walokole, Maadili na Siasa Ufipa



Nazungumza kama mlokole, tena hapa Ufipa, mahali ambapo suala la dini na utawala lilikuwa na historia ndefu kabla Wamisionari wa Afrika hawajapokea ngome ya Karema mwaka 1885. Simulizi za Kifipa, ambazo mtafiti Roy Willis alizikusanya huku mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuzichambua katika kitabu chake cha 1981, zinasema Milanzi ilikuwa na mtawala wake, Ntatakwa, wa ukoo wa wafua chuma. Siku moja akiwa mawindoni walifika wanawake wageni wa ukoo wa Twa, wakakalia kiti chake. Aliporudi hakushika mkuki. Palifanyika makubaliano: Twa watawale nchi, Milanzi ibaki na mlima Itwelele na heshima ya ibada.

Najua wapo wachungaji wenzangu watakaoguna kwamba hayo ni matambiko. Matambiko siyatetei. Ninachokitetea ni busara ya siasa iliyomo ndani yake: aliyeachia kiti alibaki na neno lake mwenyewe, na aliyekikalia hakuweza kumpuuza. Sisi walokole wa leo tunataka vyote viwili, kiti na neno.

Tazameni wahubiri wawili. Mchungaji Christopher Mtikila aligombea urais mwaka 2005 na hakufika hata asilimia moja ya kura. Sifa yake haiko huko. Mwaka 1993 aliiomba Mahakama Kuu, Dodoma, itamke kwamba raia halazimiki kupitia chama ili agombee uongozi, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akamkubalia. Bunge likabadili Katiba kuizima hukumu hiyo. Hakuchoka; mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikampa haki. Akafariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015 bila kumwona mgombea binafsi kwenye karatasi ya kura. Lugha yake dhidi ya Watanzania wenye asili ya Asia ilikuwa dhambi, na sitaifunika. Lakini kesi ile aliipigania kwa niaba ya kila raia, awe Mwislamu, Mkristo au asiye na dini.

Askofu Josephat Gwajima alipita njia nyingine. Mwaka 2020 aliingia bungeni kupitia CCM, jimbo la Kawe. Mwaka uliofuata alihubiri dhidi ya chanjo ya UVIKO-19, na Bunge likamsimamisha. Mwaka 2025 akakemea utekaji wa watu, na Juni kanisa lake likafutiwa usajili. Kuhusu chanjo naona alikosea. Kuhusu utekaji alisema kweli. Na kuwafungia waumini wote mlango kwa sababu ya kauli ya kiongozi wao ni uonevu, nani asiyeliona hilo? Hata hivyo nawauliza wachungaji wenzangu: mhubiri akiwa mbunge wa chama, muumini aliyekaa mbele yake anajuaje ni lini anasikia Neno na ni lini anasikia kampeni?

Siasa inayoniuma zaidi, hata hivyo, haiko Dodoma. Iko vijijini kwetu.

Mwaka 1963 na 1964 Ufipa ilipitiwa na vuguvugu la Kamchape. Watu walikusanywa kijiji kwa kijiji, wakasalimisha pembe na hirizi, wakachanjwa chale na kutiwa dawa, wakaahidiwa kijiji kisicho na uchawi. Willis alilishuhudia na kuandika juu yake. Waliokuwa mstari wa mbele walikuwa vijana. Wazee ndio waliokuwa wakitazamwa kwa shaka.

Sasa tazameni mikutano yetu ya maombezi. Jenereta linanguruma, maspika yameelekezwa mitaani. Binti wa darasa la sita ameanguka, mhudumu amemfunga kanga miguuni. Mhubiri anamsogezea maikrofoni mdomoni na kuliamuru pepo: "Sema, nani amekutuma?" Mtoto analia, anasitasita, anaulizwa tena, na tena. Mwisho anasema, "Bibi." Umati unapiga vigelegele. Bibi mwenyewe yuko uani kwake anachambua maharage, na jina lake limemfikia kwa spika kabla hata hajajua mjukuu wake anaumwa. Kesho asubuhi nani atakwenda kumtekea maji? Usiku nani atamlinda?

Tunasema tumekuja kuvunja nguvu za giza, kisha tunafanya kazi ya mpiga ramli, tofauti ikiwa ni suti na tai. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuingia Bukoba, uliotuachia hili jina la walokole, uliwasimamisha watu mbele ya wenzao kutubu dhambi zao wenyewe. Mtu alirudisha alichoiba. Aliyemchukia jirani alimwomba msamaha. Hakuna aliyepewa maikrofoni kutaja dhambi za bibi yake.

Tabia hiyo hiyo ya kumtwika mnyonge aibu iko kwenye maadili tunayoyahubiri kwa sauti kubwa. Tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Makanisani mwetu ametengwa, amekaa benchi la nyuma na mtoto mgongoni, huku kijana aliyempa mimba akipiga kinanda.

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu 1928, inamhesabu kuwa mkosaji hata yule anayemtaja mwenzake hadharani kuwa mchawi. Sitaki tusubiri polisi. Naomba wachungaji wa Sumbawanga, wa makanisa yote ya kilokole, wakubaliane kwa maandishi mambo haya: pepo lisihojiwe jina la mtu, mtoto asiwekewe maikrofoni, na mhubiri atakayekiuka ashushwe madhabahuni kama tunavyomshusha mzinzi. Na pale jina lilipokwisha kutajwa, mchungaji aende mwenyewe, mchana kweupe, akae na bibi huyo barazani mpaka majirani wote wamwone.