Chumba Kisichovuja



Sisi wa karakana tumeombwa tueleze kwa nini pikipiki ya silinda mbili huweza kuunguza pistoni moja na kuacha ya pili nzima. Tuchukue Yamaha RD350, iliyotoka mwaka 1973, injini ya mapigo mawili.

Pistoni ikipanda, huvuta hewa na petroli kutoka kabureta hadi chumba cha chini, mnamozunguka krankishafti. Ikishuka, huvibana na kuvisukuma juu vikachomwe. Basi chumba hicho ni pampu, na pampu inayovuja haina kazi.

Silinda zikiwa mbili, pistoni moja hupanda na nyingine hushuka. Chumba kingekuwa kimoja, moja ingevuta na nyingine ingesukuma, pasipatikane nguvu. Kwa hiyo kila silinda ina chumba chake. Katikati pana kizuizi, na kila mwisho wa krankishafti pana sili ya mpira.

Sili ya upande wa giaboksi ikichakaa, mafuta ya gia huvutwa ndani, tukaona moshi mwingi. Ya upande wa pili ikichakaa, hewa huingia, petroli huwa haba, pistoni ya upande huo huungua na kukwama. Gurudumu la nyuma hukaza ghafula na mwendeshaji huanguka. Tukisikia injini inakaza, tushike kilachi mara moja.

Ndugu, kabla ya kutoa mshahara wetu kununua pistoni, tukague sili. Pistoni mpya penye sili mbovu itaungua vile vile.