Ghalati ya Kalamu katika Cheti cha Tochi



Msafiri atokaye Dodoma kwa gari, akakwea Saranda, akaipita Manyoni na Ikungi mpaka Singida mjini, kisha akashika njia ya Iramba hadi kuteremka Sekenke kuelekea Igunga, hana haja ya kuambiwa na mtu kwamba vijiji katika barabara hii vimefuatana, kwamba aghalabu kila kijiji kina kibao chake cha 50, na kwamba mahali asipopatazamia, mbele kidogo ya kibao au nyuma yake, yupo askari aliyeshika tochi. Wala sikuja leo kuilaumu tochi. Tarehe 4 Julai 2016, pale Maweni, wilaya ya Manyoni, mabasi mawili ya kampuni moja yaligongana uso kwa uso mchana kweupe, na roho nyingi zikapotea. Mwenye kuikumbuka siku ile hawezi, kwa insafu, kusema kwamba askari anayepima mwendo anafanya kazi ya bure.

Lakini tochi hupima mwendo tu. Kinachomtia mtu hatiani, au kumfunga deni, ni maandishi yanayofuata: namba ya gari, jina la dereva, mahali, tarehe, saa, na mwendo uliosomwa, vyote vikiingizwa kwa kidole katika kile kimashine cha mkononi, huku jua likiwaka, magari yamepangana, na konda wa basi akilalamika kwamba abiria wanachelewa. Katika hali hiyo kalamu huteleza. Na hapo ndipo ilipozaliwa itikadi moja inayovuma katika vijiwe vya madereva, kwamba cheti cha faini chenye kosa la maandishi ni cheti kilichokufa, na kwamba aliyeandikiwa jina lake visivyo amepata bahati, akakichane cheti na kwenda zake.

Itikadi hiyo ni batili, na imewaponza wengi. Madhumuni ya sheria yetu hayakuwa kamwe kumwachia mkosaji kwa sababu karani hakujua imla. Tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, ibara ya 107A inazielekeza mahakama zitende haki bila kujifunga kupita kiasi katika masharti ya ufundi yanayoweza kuikwamisha haki. Na kabla ya hapo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu ambacho mawakili wa rika langu wanakijua kwa namba 388, ilikwisha kusema kwamba kasoro katika hati ya mashtaka haiitengui hukumu isipokuwa pale ilipomdhulumu mshtakiwa. Kwa hiyo suali la haki mbele ya cheti chenye ghalati ni hili: je, ghalati hii imegeuza jambo lenyewe, au imechafua karatasi tu?

Chukueni mfano wa jina. Majina ya Kinyaturu yana matamshi ambayo askari aliyezaliwa Lindi au Kagera hakuyanyonya na maziwa ya mama yake. Hata jina la Mghwira, ambalo taifa zima lililisoma katika karatasi za kura za urais mwaka 2015, si kila karani angeliandika sawasawa kwa kulisikia mara moja kando ya barabara. Dereva aliyekwenda kasi mbele ya shule, akaandikiwa jina lake pasipo ile "h", naye leseni yake ni ile ile, gari ni lile lile na picha ni ile ile, huyo hana hoja. Akienda mahakamani atasahihishiwa jina, kisha atahukumiwa kwa jina lililo sahihi. Mimi simwonei huruma.

Tarakimu zina fitina zaidi. Tuseme tochi imesoma 59, na mwandishi akaandika 95. Kwa mtazamo wa kwanza dereva amedhulumiwa sana. Lakini ikiwa alikuwa ndani ya eneo la 50, basi 59 nayo imevuka mpaka, kosa limesimama pale pale, na faini ya shilingi 30,000 haipungui kwa kugeuza tarakimu. Sasa sogezeni gari lile lile, nalo tuseme ni gari dogo la mtu binafsi, likawa limekwisha kuvuka kibao cha kumaliza hamsini: hapo 59 si kosa hata kidogo, na yale maandishi ya mahali, ambayo watu wengi huyapita bila kuyasoma, ndiyo yanayobeba shauri zima. Mwenye basi au lori lenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 hesabu yake ni nyingine, kwani yeye amewekewa kikomo cha 80 hata barabara ikiwa tupu. Hivyo kosa lile lile la kalamu laweza kuwa si kitu kwa mmoja, likawa ndilo la kumwokoa mwingine, kwa tofauti ya hatua chache tu za lami.

Walakini ghalati iliyo mbaya kuliko zote, na ambayo kwa rai yangu haijapewa uzito unaoistahili, ni ile ya namba ya gari. Siku hizi deni la faini hulifuata gari kwa namba yake. Mtu akiiandika namba hiyo katika mfumo wa Jeshi la Polisi, kwa simu yake mwenyewe, ataona kama linadaiwa au halidaiwi, na akitaka kulipa atapewa namba ya malipo. Ni mpango mzuri, umeondoa fedha mkononi mwa askari, nami nausifu. Lakini fikirini mzee mmoja wa Ikungi mwenye kigari cha kubebea alizeti, ambacho kutwa nzima ya siku fulani kilikuwa juu ya mawe kwa fundi, magurudumu yamevuliwa; naye anakuja kusimamishwa miezi kadhaa baadaye akaambiwa kwamba gari linadaiwa, kwamba lilipigwa tochi Shelui, na kwamba faini imekwisha kuongezeka, maana isiyolipwa ndani ya siku saba huongezwa asilimia 25, na ikicheleweshwa tena huongezwa tena. Kilichotokea ni kwamba herufi moja ya namba ya gari lililopita Shelui ilisomwa sivyo. Aliyekwenda kasi amesalimika wala hajui. Asiyekwenda popote ndiye mdaiwa.

Mzee huyu atafanyaje? Nijuavyo tabia zetu, atalipa. Atapiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, ya siku atakayoipoteza msimu wa kukamua mafuta, ya kukaa kwenye benchi akiambiwa mhusika ametoka, kisha ataona kwamba shilingi 30,000 na nyongeza zake ni nafuu kuliko haki. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imempa mtuhumiwa njia mbili, kulipa au kulifikisha shauri mahakamani; na mwenye kulipa, hata akilipa kwa kuchoka, amekubali kosa. Na dereva wa bodaboda, ambaye faini yake ilipunguzwa kutoka 30,000 hadi 10,000 katika bajeti ya mwaka 2021 iliyosomwa na waziri wa fedha wa wakati huo, mwana wa Iramba, yeye ndiye atakayelipa upesi zaidi, kwani kiasi kikipungua na hamu ya kudai hupungua. Sisemi kwamba faini ingebaki kubwa. Nasema kwamba wepesi wa kulipa umeficha makosa ambayo uzito ungeyafichua.

Mzee wetu, akitaka kunisikiliza, na aende mapema kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, na asipopata jibu apande kwa yule wa mkoa, ambaye sote twamwita RTO. Asiende na ghadhabu, aende na ithibati: kadi ya gari, stakabadhi ya fundi yenye tarehe, na barua fupi ambayo nakala yake itapigwa mhuri wa kupokelewa. Na jambo la kwanza kuliomba ni picha. Tochi za leo hupiga picha, na picha ndiyo iliyotumwa kwa simu kwa askari wa mbele ili asimamishe gari. Ikiwa picha inaonyesha lori jeupe ilhali cheti kinataja kigari cha buluu, shauri limekwisha bila hakimu. Ikiwa picha haipo, basi na aulize kwa adabu deni limesimama juu ya nini, kwa maana dhima ya kuthibitisha ni ya mwenye kutuhumu, wala mtuhumiwa halazimiki kuleta ushahidi kwamba hakuwapo.

Ikishindikana, mahakama ipo. Tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu, kwa sheria, ni Kiswahili, basi mkulima wa Manyoni hana sababu ya kuiogopa meza ya hakimu kwa ajili ya lugha. Ila ajue yatakayotokea huko. Mwendesha mashtaka akiona ghalati imefichuka, yaelekea ataomba hati irekebishwe, na hakimu ana mamlaka ya kuruhusu. Wengi hapa hukata tamaa, wakidhani mchezo umechezwa nyuma ya migongo yao. Sivyo. Hati ikibadilishwa, mshtakiwa husomewa upya na kuulizwa upya kama anakiri au anakana, na anaweza kudai kwamba mashahidi waliokwisha kusema warudishwe awahoji juu ya hati mpya. Na amdai kwanza yule askari aliyeshika tochi, amuulize alisimama upande gani wa kibao, nani aliyemsomea namba, na ni yeye au mwenzake aliyeiandika.