Mama Mzee na Hatari ya Kuanguka: Kiti, Mita 3 na Saa ya Simu



Katika Kaunti ya Taita Taveta mwanamke mzee bado hutembea sana. Wa Sagalla au Wundanyi hupanda na kushuka vilima vyenye mawe. Wa Voi mjini huruka mitaro akienda sokoni. Akianguka, watu husema ni uzee tu, au njia ndiyo hulaumiwa. Mara nyingi dalili zilikuwapo mapema, ila hakuna aliyezipima.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Walio hatarini zaidi ni waliopita miaka 60. Mwanamke ana mzigo wa ziada: hedhi ikishakoma, mifupa yake hudhoofika haraka. Kuteleza kidogo kando ya kitanda kwatosha kuvunja nyonga.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Kilielezwa mwaka 1991 na Podsiadlo na Richardson wa Kanada. Kiti chenye mikono huegemezwa ukutani, na umbali wa mita 3 huchorwa mstari kwa chaki. Mama huketi akiwa na viatu vyake vya kila siku, na bakora yake kama huitumia. Akiambiwa "nenda", huinuka, hutembea mwendo wake wa kawaida hadi mstarini, hugeuka, hurudi na kuketi. Saa ya simu huhesabu. Mwongozo wa afya wa Marekani huchukulia sekunde 12 au zaidi kuwa ishara ya hatari. Kipimo kingine ni kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Asiyeweza kukaa hivyo sekunde 10 naye aangaliwe. Mpimaji asimame karibu, mikono tayari, maana lingekuwa jambo la aibu mama kuvunjika akipimwa asivunjike.

Lakini saa hiyo isiaminiwe peke yake. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba haibashiri vizuri kwa wazee ambao bado wana nguvu. Swali moja la mdomo hufaa zaidi: je, ameanguka katika miezi 12 iliyopita? Hapo ndipo penye shida, kwani wengi huficha. Nyanya aliyeteleza usiku akienda chooni hukaa kimya, akihofia kukatazwa shamba au kuhamishiwa kwa mwanawe mjini. Anayeuliza na aulize kwa upole, si mbele ya wajukuu, na asianze kwa vitisho.

Anayeonekana kuwa hatarini apelekwe zahanati iliyo karibu, naye daktari akiona haja atamtuma Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi. Abebe dawa zake zote katika mfuko mmoja, hata zile za dukani na za mitishamba. Dawa za usingizi huyumbisha, na za presha huweza kuleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Hata hivyo asiziache mwenyewe kabla ya kumwona daktari. Macho nayo yapimwe: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.

Nyumbani, ndara zilizolika zitupwe, leso isiburute chini, na njia ya chooni iwe na taa. Kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa kila siku, meza ikiwa karibu ya kushikilia, huimarisha mapaja.

Na mama akishaanguka, asivutwe mkono kusimamishwa. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Afunikwe, asikandwe, na abebwe akiwa amelala juu ya ubao au mlango hadi gari lifikapo.